Vidonge Vitatu vya Kinyozi

Mume wangu ni kinyozi, na duka lake halikosi kicheko. Yeye ananyoa na kupiga soga, mimi nasuka kwenye kiti cha pembeni. Lakini ghafla wateja wakaanza kutukimbia. Mtu anakaa, mume wangu anamwinamia, mtu anasimama. "Nitarudi," anasema. Wapi!

"Baba watoto," nikamwambia, "mdomo wako unanuka kitunguu saumu."

"Sijala kitunguu, mama watoto! Na mswaki nimepiga."

Kweli, hakula. Ila nywele zake zilikuwa zinabaki kwenye kitana, na kucha zinakatika. Kinyozi anayenyonyoka, nani atampa kichwa chake? Duka ndilo linalotulisha. Niliogopa.

Nikamburuta kwa jirani yetu, mfamasia. Akamtazama kucha.

"Shemeji, unameza nini?"

"Vidonge vya madini ya seleniamu," akajibu kwa madaha. "Kwenye kopo wameandika kidonge kimoja kwa siku. Mimi nameza vitatu: cha ubongo, cha tezi ya shingo, na cha... mambo ya kiume."

"Makubwa! Nani kakwambia kila kiungo kinataka kidonge chake?"

"Sasa itafikaje huko kote?"

"Sikiliza. Ukila yai au samaki, seleniamu inatoka utumboni inakwenda kwenye ini. Ini linaitia ndani ya protini maalumu, kisha linaiachia kwenye damu. Ubongo na korodani zina sehemu za kuinasa protini hiyo inapopita. Tezi nayo inapata yake. Hata seleniamu ikipungua, ubongo unatangulizwa. Mwili unajua kugawa."

"Na vidonge vyangu?"

"Vimezidi. Mwili unahitaji madini haya kidogo sana. Yakizidi ni sumu. Nywele na kucha zinaharibika, na pumzi inanuka kitunguu saumu, kama yako. Acha leo, kesho nenda zahanati wakupime."

Nikashindwa kujizuia. "Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Wewe umejinyoa kwa vidonge!"

Tulicheka wote watatu, mume wangu zaidi.

Zahanati nao walimwambia aache vidonge na ale chakula cha kawaida. Harufu ilitangulia kuondoka. Kucha na nywele zikaota upya, taratibu.

Jumamosi iliyopita foleni ilifika nje. Mume wangu alimwinamia mteja mmoja, uso kwa uso, amchonge ndevu. Yule bwana akasinzia, akakoroma kabisa. Jamani, nilifurahi!

"Mwamsheni huyo!" wakapiga kelele mlangoni. "Na sisi tuna vichwa!"