Macho ya Kuazima

Picha ya sebuleni ilipepesa macho saa saba mchana, jua likiwaka, na fundi picha akajiambia ni uchovu.

Ilikuwa picha ya marehemu mkewe, ya pekee iliyobaki. Unyevu ulikuwa umekula macho yote mawili, na binti yao wa miaka saba, aliyeachwa na mama angali mchanga, alitamani mno kumjua. Basi fundi akafanya wanavyofanya mafundi wengi wasiopenda kukiri: akaazima. Kwenye boksi la picha zisizochukuliwa na wenyewe alimkuta mwanamke asiyemjua, akayakata macho yake kwa kompyuta, akampachika mkewe. Yalimkaa vizuri, hata akajisifu.

Wiki haikuisha, sebule ikaanza kunuka udongo mbichi. Kisha nyuma ya kioo cha fremu kukasikika kucha, kwaru, kwaru.

"Baba," binti alinong'ona, "mama anasema macho peke yake hayamtoshi. Anataka na mikono yangu."

Fundi akabeba picha zote mbili, ya mkewe na ya yule asiyemjua, mbio kwa mganga, mwanamke asiye na maneno mengi. Yule akazitazama, akasogeza kiti nyuma.

"Huyu uliyemwazima hajawahi kuwa mtu. Nani angekuja kumchukua? Zichome zote, na za kwenye kompyuta futa."

"Ya mke wangu ndiyo hiyo tu, mama."

"Na watoto unao wangapi?"

Alizifuta za kwenye kompyuta, akazichoma zile mbili uani, na moto ulipofika usoni ile harufu ya udongo ikamjaa kooni, na kwaru kwaru ikatoka ndani ya moto, ikapanda ukutani, ikapita dirishani kwa binti, ikazunguka nyumba nzima, naye akawa analia na kumwomba msamaha mkewe anayemchoma kwa mkono wake mwenyewe, mpaka kukawa kimya.

Harufu ikaisha. Binti akaanza kucheka tena.

Siku ya tatu alimkalia baba yake mapajani. "Wewe si unamkumbuka mama? Niambie alikuwaje."

Kumbukumbu angalau haikuungua. Fundi akafumba macho, akamtafuta mkewe siku ya harusi. Mke akageuka, na macho yalikuwa yale ya kuazima. Akakimbilia siku ya kujifungua, kitandani hospitalini, akakuta yaleyale. Kila alikomkumbuka yalikuwa yameshafika, yakimtazama, kisha yakapepesa.

"Baba," binti alinong'ona, akijitoa taratibu mapajani, "mbona unanuka udongo?"