Picha Moja ya Burma

Ti! Kifuniko cha bati kiligonga ukingo wa sanduku, chumba cha pili.

Kokuberwa alifumbua macho gizani. Alfajiri ilikuwa bado nzito. Demetria, bintiye wa miaka minne, alikuwa amelala ubavuni pake. Mumewe alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge, na katika nyumba ile ya Temeke hapakuwa na mtu mwingine wa kumwita. Akamkumbatia mtoto. Mlango wa uani ukalia, kisha kimya.

Kulipopambazuka alitazama hasara. Kanga zipo. Cherehani ipo. Picha moja katika zile alizoacha marehemu baba yake, Gaudens, haipo, pamoja na karatasi iliyoandikiwa picha hiyo.

Inspekta Adelard alifika kwa baiskeli. Alikinyunyizia kifuniko unga wa alama za vidole. Kilikuwa kimefutwa.

"Picha za nini hizi, mama?"

"Za vita, Afande. Baba alimbebea afisa mmoja kamera huko Burma, akawa anagawiwa zilizotoka vibaya. Jioni akiandika vikaratasi hivi kwa penseli. Amefariki baada ya Pasaka, hakupata kunisimulia. Ndiyo maana nazipanga mwenyewe, nijue alipita wapi."

"Iliyoibwa ina nini?"

"Msalaba wa mti, na askari kapiga magoti, uso hauonekani. Karatasi yake ilikuwa imefifia, sikuwa nimeisoma bado." Akajifunga kanga upya. "Jumapili Bibi Felicitas anakuja kuzitazama. Mwanawe Albano alikwenda vitani na baba, hakurudi. Nilimwahidi ataziona zote."

"Nani wengine wamezitazama?"

"Bwana Husseinali mpiga picha, alitaka kuzinunua azitundike dukani. Na Ansbert, namwita baba mdogo, mwana mkubwa wa Bibi. Huyu alikuwa pamoja na baba huko."

"Zitandaze kama ulivyokuwa umezipanga."

Alianza kuzitoa sandukuni moja moja. Akasita.

"Si mie niliyezipanga hivi. Hii ya mto niliiweka mwisho kabisa, maana maandishi ya baba hayautaji. Sasa iko ya pili. Na hii ya nyumbu wa mizigo imepelekwa baada ya mlima."

Inspekta aliufuata mpangilio ule kwa kidole. Akaomba azichukue.

Husseinali alimpokea dukani kwake kwa chai.

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Kwenye ibada, waulize wenzangu."

"Burma, walivuka mto kwanza au walipanda mlima?"

"Inspekta, vita nilivyopigana mimi ni na wateja wasiotaka kucheka. Mto gani?"

Adelard alicheka, akapanda baiskeli yake kuelekea Kurasini.

Ansbert alikuwa peke yake kivulini, nyuma ya ghala la bandari, makuli wenzake wakila upande wa pili. Inspekta alizimwaga picha juu ya gunia, ovyo ovyo.

"Umewahi kuziona hizi?"

"Mara moja tu. Kwa Kokuberwa."

Lakini mkono wa Ansbert ulikuwa umeshakwenda wenyewe. Ukauchukua mto, ukauweka wa pili. Ukawasogeza nyumbu baada ya mlima.

"Nani kakwambia mto unakaa hapo?"

"Nimeuvuka, Afande. Maji yalinifika hapa." Akajigusa kifua. Mkono ukabaki pale pale.

"Mwizi wa kawaida angezirudisha shaghalabaghala na kukimbia. Wewe ulikaa ukazipanga."

Ansbert aliinama.

"Nilimulika tochi, nikaona zimekosewa. Sikuweza kuziacha vile. Ilikuwa kama Gaudens kapotea njia."

"Ile ya msalaba?"

Aliitoa ndani ya shati, pamoja na karatasi.

"Aliye chini ya msalaba ni Albano, mdogo wangu. Anayepiga magoti ni mimi. Afisa aliniagiza nimwambie mama kwa kinywa changu. Nikafika nyumbani, akanipokea anacheka: mwenzako yuko wapi? Nikasema kabaki Bara Hindi, kaoa. Miaka sita sasa. Kila jioni ananiuliza: mkwe wangu amejifunza kupika ndizi? Namjibu anajifunza. Nimemzulia hata mjukuu, Afande. Naogopa kurudi nyumbani kwangu mwenyewe."

Inspekta hakutoa pingu. Alimpeleka Temeke.

Kokuberwa alisikiliza yote, mikono imeshika pindo la kanga.

"Sikushitaki, baba mdogo. Ila Jumapili utaisoma wewe."

"Mwanangu, isome wewe uliyesoma."

"Atataka kuisikia kwako."

Jumapili picha zilitandazwa mkekani, zote, kwa mpango wa Ansbert. Bibi Felicitas aliingia na fimbo yake, amevaa gauni la kanisani, akaanza kuulizia sura ya Albano kabla hajazijibu shikamoo alizopewa. Inspekta alisimama mlangoni, kofia mkononi.

Ansbert aliisogeza karatasi karibu na macho.

"'Leo tumemzika Albano. Ametangulia vizuri, hakuteseka. Ansbert hajala tangu jana. Nimemwekea chakula.'" Akaishusha karatasi. "Ni Gaudens ameandika, mama. Mimi nilikudanganya."

Felicitas aliitazama picha. Akamtazama mwanawe aliyebaki.

"Na mjukuu?"

"Hayupo, mama. Hakuwahi kuwapo."

Bibi alibaki amesimama katikati ya chumba. Ansbert alinyoosha mkono, akaurudisha.

Demetria akasogea pembeni ya mkeka, akapigapiga kwa kiganja nafasi aliyoiacha.

"Bibi, njoo ukae na mimi."