Mitumbwi ya Mgomba

Miaka mingi iliyopita, mjini Moshi, paliishi mtoto aitwaye Aikande. Alikuwa na pengo moja mbele, na kicheko kikubwa.

Aliishi na mama yake, na Bibi.

Bibi alitoka mlimani, kwenye migomba na baridi. Miguu ilipoanza kumuuma, alihamia mjini.

Lakini mjini Bibi hakuwa na rafiki. Kutwa alikaa dirishani.

"Bibi, unatazama nini?"

"Natazama mlima, mjukuu wangu. Nakumbuka nyumbani."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na ukumbi wa mtaa. Kila Jumamosi ngoma zililia humo. Ndu! Ndu! Ndundundu!

Mama Elinami, msimamizi wa ukumbi, alisimama mlangoni akiimba:

"Mkubwa njoo, mdogo njoo,
mlango wetu uko wazi!"

"Twende, Bibi!" alisema Aikande.

"Simjui mtu kule."

"Unanijua mimi."

Bibi akamtazama. Kisha akachukua mkongojo wake.

Ndani, wengine walisuka vikapu. Wengine walicheza drafti kwa vizibo vya soda, na bingwa wao alikuwa Mzee Kirita. Ka! Ka! Ka!

"Shikamoo, Bibi," alisema Mama Elinami.

"Marahaba," alijibu Bibi. Akaketi pembeni. Akaegemea mkongojo wake.

Jumamosi ya pili wakaenda tena.

"Mkubwa njoo, mdogo njoo,
mlango wetu uko wazi!"

Bibi akaketi pembeni tena.

Aikande akamnong'oneza Mama Elinami. "Bibi yangu hacheki. Anakumbuka mlimani."

Mama Elinami akafikiri. Akapiga makofi. Pa! Pa! Pa!

"Jamani! Jumamosi ijayo hatukai ndani. Tunapanda mlimani, sisi sote!"

Siku ikafika. Basi likapanda, limejaa wazee na watoto. Vuuum, vuuum. Baridi ikaingia dirishani. Bibi akajifunga khanga, akavuta pumzi ndefu.

"Migomba hiyo," akasema. "Naisikia harufu yake."

Waliposhuka, kijia cha kuingia migombani kilikuwa kirefu. Bibi akasimama.

"Miguu inakataa. Nendeni nyinyi. Nitawangoja hapa."

Machozi yakamlenga Aikande.

Lakini hakuna aliyeondoka. "Tutakwenda mwendo wako, Bibi," alisema Mama Elinami. Mzee Kirita, yule bingwa wa drafti, akampa mkono.

Pole pole, hatua moja.
Pole pole, nyingine tena.

Mara wakasikia: choro, choro, choro.

Ulikuwa mfereji mwembamba. Maji yake yalipita katikati ya migomba, baridi kabisa.

Bibi akavua viatu. Akatia miguu majini.

"Nilipokuwa mdogo kama Aikande, tuliteka maji kwenye mfereji kama huu," alisema. "Na tulishindanisha mitumbwi!"

"Mitumbwi gani, Bibi?"

Bibi akaokota ganda kavu la mgomba. Akakunja huku. Akakunja kule. Akachomeka kijiti.

Tazama, mtumbwi!

"Na mimi, Bibi!" "Na mimi!" Watoto wakamzunguka. Hata Mzee Kirita alitaka wake.

Mitumbwi ikaenda na maji. Choro, choro, choro. Wa Mzee Kirita ukapinduka. Chubwi!

"Kimbia, mtumbwi wangu, kimbia!" alipiga kelele Bibi.

Kisha akacheka. Kwa! Kwa! Kwa! Akacheka mpaka akashika mbavu.

Aikande hakutazama tena mitumbwi. Alimtazama Bibi.

Usiku ule, kitandani, Bibi alisimulia. Alisimulia habari za mfereji. Alisimulia habari za dada yake, na mtungi wa mama yao uliovunjika. Akasimulia, akasimulia. Sauti ikapungua.

"Bibi, nani aliuvunja mtungi?"

Khrrr... khrrr...

Bibi amelala!

Aikande akamvutia shuka mpaka mabegani.

"Lala salama, Bibi," akanong'ona. "Utaniambia kesho."