Mbwa wa Fundi, Paka wa Kinyozi

Siku ya chanjo, uwanja wa kituo cha kuokoa wanyama ulijaa hata pa kutia mguu hapakuwepo. Mbwa wanabweka, paka wanalia matunduni, watu wanasukumana na kadi mikononi, na dawa ya kusafishia sakafu inawasha pua. Katikati ya foleni alisimama fundi cherehani mmoja, mwanamke wa miaka thelathini na ushei, ndani ya gauni la bluu alilolishona mwenyewe, mabega yamekaa sawasawa na kiuno kimebana pale panapotakiwa. Mkononi alishika kamba, na mwisho wa kamba alikuwepo Mzee.

Mzee alikuwa mbwa mwenye mvi mdomoni, na hakuwa wake. Kituo kilimpa amlee kwa muda tu, mpaka apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Walezi walikatazwa kuwapa wanyama majina, maana ukishampa jina, kumrudisha ni sawa na kung'olewa jino. Kwenye kadi aliandikwa Namba Kumi na Saba. Fundi alimwita Mzee tangu siku ya kwanza, na hakuomba ruhusa ya mtu.

Basi Mzee huyo, ambaye ngazi tatu tu humtoa ulimi, ghafla aliruka kama mtoto. Kamba ikamponyoka fundi. Mbwa akalivamia tundu la paka lililoshikwa na mwanaume wa mbele, tundu likaanguka chini kwa kishindo, paka akapiga ukelele. Mwanaume akafungua chupa yake ya maji akammwagia mbwa usoni.

"We mama! Huyo simba wako hajafundishwa kukaa na watu?"

"Mama yako nani hapa? Na unammwagia maji mgonjwa! Huyu ana baridi yabisi!"

"Ana baridi yabisi na anaruka hivyo? Akipona si atapaa!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Fundi alimtazama kuanzia juu hadi chini: mrefu, kichwa kinang'aa, koti jeupe la vinyozi, marashi yanafika kabla yake. Akamchukia palepale, kwa raha kabisa.

Aliinama kumvuta mbwa wake, na hapo ndipo jicho la ufundi lilipoona kitu. Ndani ya tundu paka alilalia kipande cha blanketi chenye mistari myekundu na ya kijivu. Fundi akatoa mkobani kipande alichopewa siku aliyomchukua Mzee, akakisogeza kwenye kile cha paka. Mistari ikaungana, mmoja mmoja, bila kukosea.

"Blanketi moja hili," alisema. "Limekatwa kwa mkasi butu, na aliyekata anatumia mkono wa kushoto."

Daktari wa kituo, mama mnene mwenye miwani, alikuwa amefika kuamua ugomvi. Akajishika kichwa. "Ni mimi niliyekata. Hawa walikuja pamoja, bibi yao alipofariki. Nikakata blanketi ili kila mmoja awe na harufu ya nyumbani. Halafu sikuandika kwenye kadi kwamba ni wawili."

Mzee alikuwa ameingiza pua kati ya nondo za tundu, na paka, mwenye jicho moja tu, alikuwa akiilamba.

"Waliozeeka pamoja hatuwatenganishi," Daktari alisema. "Watakwenda nyumba moja."

"Kwangu," alisema kinyozi.

"Kwako wapi?" alisema fundi.

Ikaamuliwa hivi. Wote wawili wajaze fomu ya kuwaomba wanyama hao, na kituo kiamue. Kwa miezi mitatu kila Jumapili wawakutanishe wanyama wao, na kama ilivyo kawaida ya kituo, kila mlezi akague nyumba ya mwenzake. Akiona hatari, aiandike bila kuficha.

Simu zilianza usiku uleule.

"Halo, nani?"

"Mwenye paka."

"Mwenye paka ni kituo. Wewe ni mtumishi wake tu. Unasemaje?"

"Jumapili nije saa ngapi?"

"Usije."

"Basi saa tisa. Mfunge simba."

Fundi aliishi ghorofa ya pili na shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana: cherehani dirishani, vitambaa hadi darini, na Mzee chini ya meza, mgongo umegusa kanyagio. Hapo ndipo alipopata usingizi, mashine ikinguruma. Ikisimama, naye huamka.

Kinyozi alikuja. Akaja na Jumapili iliyofuata. Paka alijikunja tumboni kwa mbwa, na watu wakaanza kazi yao ya kutukanana.

"Kijana ana shingo safi," shangazi alisema akiwa kitini kwake.

"Shangazi!"

"Shingo safi ni malezi, mwanangu."

"Huyo paka umempa jina?" fundi aliuliza siku moja, makusudi amkamate na kosa.

"Mama Mkwe."

"Eti nini?"

"Mwangalie. Nikiingia nyumbani ananitazama kwa hilo jicho moja, anataka kujua nilikuwa wapi na nani. Nisipomjibu vizuri, hanipi mgongo wa kusugua."

Fundi alicheka mpaka akashika meza, kisha akajichukia kwa kucheka, na ili kulipiza akamkamata mkono wa koti. "Nani alikushonea uchafu huu? Vua."

"Mbele ya shangazi?"

"Vua koti, mwanaume! Nje mshono unaonekana mzuri. Mimi siangalii nje. Nguo naigeuza." Akaligeuza. Ndani nyuzi zilining'inia kama mizizi. Alilishona upya, na kinyozi, aliyebaki na fulana, akamshikia uzi. Ilikuwa dakika kumi za amani, na zilimtisha fundi kuliko matusi yote.

Jumapili ya tisa, kinyozi alidondosha kifungo akafungua droo ya fundi kutafuta kingine. Jumatatu asubuhi simu ililia.

"Paka yuko mezani, anapasuliwa." Sauti ya kinyozi ilikuwa kavu. "Amemeza uzi. Uzi wa kijani, sindano mwishoni."

Mdomo wa fundi ukatangulia. "Nani aliacha droo wazi? Si wewe na kifungo chako!"

"Na nani anayetupa sindano kama mbegu za mahindi?"

"Hii ni karakana, si saluni yako ya kupaka watu poda!"

"Ni nyumba ya kuulia wanyama!"

Fundi alimkatia simu. Ikalia tena, akakata. Paka alipona, habari hizo alizipata kwa Daktari. Za kinyozi hakutaka kuzisikia.

Ijumaa aliitwa kituoni. Daktari alimpa ripoti ya mkaguzi, karatasi moja, maandishi ya kinyozi yaliyolala kama nyasi. *Chumba kina pini na sindano sakafuni. Droo haina kufuli. Paka alimeza uzi hapo na nusura afe. Hii ni hatari na mwenye nyumba anaijua.*

Kila neno lilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Wachukue wote wawili," alisema. Akaiweka kamba ya Mzee juu ya meza, na kipande cha blanketi juu ya kamba.

"Dada, hebu soma—"

"Nimesoma. Macho ninayo mawili."

Akatoka. Mzee alilia nyuma yake mpaka geti lilipofungwa.

Nyumbani alishona vibaya siku tano. Kila akishusha mguu kwenye kanyagio aliushusha taratibu, asimkanyage mtu, na hapakuwa na mtu.

"Umemtupa mbwa ili mwanaume aonekane mbaya," shangazi alimwambia. "Sasa mwanaume ana mbwa na paka, na wewe una nini?"

"Nina kazi, shangazi."

"Hiyo suruali umeishona miguu yote miwili ya kushoto."

Alasiri ya Jumatano mlango uligongwa. Alikuwa kinyozi. Ndevu zilimtoka kila upande, kinyozi mzima, kama aliyetoka mafichoni. Mkono mmoja tundu, mkono mwingine kamba ya Mzee, na kwapani fimbo ndefu yenye kipande cha chuma mwishoni.

"Umekuja kunisomea hukumu?"

"Nimekuja kufagia."

Alipita bila kukaribishwa. Kile chuma kilikuwa sumaku. Alikipitisha chini ya meza, kando ya kabati, nyufani, na chumba kikajaa mlio mdogo, tik, tik, tik, kama mvua ya kwanza juu ya bati. Fimbo ikainuka na ndevu za pini.

"Mzee hali chakula," alisema bila kumtazama. "Kwangu analala mlangoni. Nimemwashia mashine ya kunyolea, nimeiweka chini ya kiti, akaitazama akanitazama na mimi. Alinidharau."

"Uliandika mwenyewe kwamba hapa pana hatari."

"Niliandika. Ningeficha, paka angekufa hapa siku nyingine, tungetazamana vipi?" Akatoa karatasi mfukoni. "Daktari amenituma nikuletee hii. Anasema hukuisoma."

"Niliisoma!"

"Ulisoma mbele."

Shangazi akaanza kucheka, kicheko cha polepole kilichotoka tumboni. "Yeye! Yeye anayegeuza pindo za watu njiani!"

Fundi aliipokea karatasi, uso unawaka, akaigeuza.

*Pamoja na hayo, apewe yeye wote wawili. Mbwa hapati usingizi ila kwa cherehani yake, na paka hapati raha ila kwa mbwa. Sindano nitazifagia mimi kila jioni, akiniruhusu. Ombi langu naliondoa.*

Aliisoma mara mbili. "Kwa nini hukuniambia kwenye simu?"

"Ulinikatia mara nne. Ya tano akapokea shangazi, akaniuliza kama nimekula."

"Alikuwa hajala," shangazi alisema.

"Na utakuja na hiyo fimbo kila jioni mpaka lini?"

"Mpaka unichoke."

"Nimeshakuchoka!"

"Basi jambo gumu limepita." Aliegemeza fimbo ukutani. "Sikiliza. Nimekaa na mama mkwe mwaka mzima, sina mke. Mateso yote ya ndoa ninayo, ndoa yenyewe sina. Unaona ni haki hiyo?"

"Unaniposa na ndevu hizo?"

"Nitazinyoa."

"Shangazi, umemsikia?"

"Nimemsikia. Anyoe kwanza."

Fundi alivuta fomu ya kituo iliyokaa mezani tangu siku ya chanjo bila kujazwa, akaandika kwa kalamu iliyokwaruza kwa hasira. Penye *watu wazima wanaoishi nyumbani* akaandika: watatu. Akamsukumia.

Kinyozi alihesabu. "Wewe, shangazi... wa tatu nani?"

"Jifanye mjinga, nifute."

Kinyozi aliichukua fomu kwa mikono miwili na, maana alikuwa ameshafundishwa, akaigeuza. Nyuma aliona mstari mmoja: *Ikibaki pini hata moja, utalala ngazini.*

Aliikunja vizuri akaitia mfukoni, akashika tena fimbo, akapiga magoti kufagia upya kuanzia mlangoni. Fundi alikaa kwenye mashine. Alishusha mguu taratibu, ukakuta mgongo wa Mzee pale unapokaa siku zote, na paka juu yake. Akakanyaga, mashine ikanguruma.