Nishike Mkono Köln

Walikutana stesheni ya Hannover, siku treni zote za jioni zilipofutwa na abiria wakageuka ndugu kwa shida. Henrike Vollmert, seremala, alikuwa amekalia begi lake akinuna. Svantje Oltmanns, muuguzi wa Bremen, mwenye nywele fupi nyekundu na koti la mvua la manjano, akamkatia nusu ya mkate wake wa jibini.

"Kula, dada. Ukinuna na njaa juu yake, utazeekea hapa."

"Na wewe je?"

"Mimi nimeshazeeka. Huoni?"

Henrike akacheka, na mapenzi yakaanzia hapo. Tangu siku hiyo Svantje alizoea kupanda treni kumfuata Hillenbeck, kijiji cha milimani chenye kanisa, baa moja na macho mengi. Kila alipofika, alitambulishwa kwa majirani kwa cheo kipya: leo mteja, kesho mwenzake wa kozi. Mara moja aliambiwa ni fundi bomba, na jirani akamwomba akamtazamie sinki. Mwanamke wa watu akaenda, akazibua!

"Nimechoka kuwa fundi bomba wako," alisema kwenye simu usiku ule. "Nataka unishike mkono barabarani, mchana, watu wakiona."

"Twende Köln, laazizi. Kule watu kama sisi wanatembea kifua mbele, na hakuna anayenijua. Nitakushika mpaka uombe poo."

"Haya. Ila usiponishika Köln, Henrike, hutanishika popote. Nitajua hivyo na nitaenda zangu."

Wakafika Jumamosi asubuhi na sanduku moja la wote wawili. Chumba cha hoteli kilikuwa hakijawa tayari, kwa hiyo sanduku wakaliachia mashine ya kuhifadhi mizigo stesheni. Mashine ikalimeza, ikatema kadi, na Henrike akaitia mfukoni.

Mji ulikuwa umependeza. Bendera za upinde wa mvua zilining'inia madirishani, wanaume wawili walibusiana kwenye taa za barabarani, na bibi mmoja aliyekuwa nyuma yao akawahimiza wavuke maana taa imeshakuwa kijani. Svantje alivaa gauni la kijani lililomkaa vizuri mno. Henrike akamshika mkono, wakatembea mpaka kona ya kwanza. Hapo akauachia afunge kamba ya kiatu. Akaushika tena, akauachia apige chafya. Akaushika, akauachia atazame simu.

"Mkono wako una shughuli nyingi leo," Svantje akasema.

"Usianze, mpenzi. Najitahidi."

"Kunishika mkono ni kujitahidi?"

Wakaingia nyumba ya bia, wakabanana na wageni kwenye meza ndefu. Mhudumu, mzee mwenye aproni ya buluu na ulimi mkali, akatua viglasi viwili kabla hawajaagiza.

"Samahani, naomba maji," Svantje akasema.

"Maji yako mtoni, bibie. Hapa tuna bia."

Henrike akacheka, akamfundisha desturi: glasi ikiisha huletwa nyingine bila kuulizwa, mpaka ufunike yako kwa kile kikadi cha kuwekea glasi. Ukifunika, umesema basi. Svantje akaanza kulainika. Henrike akaona hivyo, akaweka mkono wake juu ya wa Svantje, mezani kabisa, mbele za watu.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka.

Waliingia wanawake kundi zima, fulana za zambarau, wakiimba. Henrike aliwajua wote kwa majina. Kilikuwa kilabu cha mchezo wa bolingi cha akina mama wa Hillenbeck, na mbele yao shangazi yake, Mechthild. Kila mwaka kilabu hiki husafiri bila kujua kiendako. Mweka hazina wao, Gudrun, huchagua mji na kuufanya siri mpaka wakae kwenye treni. Ujerumani yote ile, Gudrun naye kachagua Köln!

"Henrike! Mtoto wa kaka yangu! Na huyu ni nani?"

Mkono wa Henrike ulikuwa umeshatoka mezani.

"Ni... tunafanya kazi pamoja, shangazi."

Svantje akachukua kikadi chake taratibu, akafunika glasi iliyokuwa bado imejaa. Akavaa koti lake la manjano, akatoka.

Henrike alibaki anapepesa macho. Simu ikaita.

"Kadi ya sanduku iko kwako," ilisema sauti ya Svantje kwa hasira. "Hata kukuacha siwezi mpaka nikuombe! Niletee stesheni. Iache pale mashineni, uondoke."

"Svantje, nisikilize..."

Ikakatika. Henrike akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena. Shangazi Mechthild alikuwa bado amesimama pale, glasi mkononi.

"Umekuwa mweupe, mwanangu. Huyo binti nani?"

"Ni mpenzi wangu, shangazi," Henrike akasema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Gudrun akaacha kutafuna.

Mechthild akaiweka glasi mezani. Ni kweli alikuwa hajui, na ilimuuma kutojua.

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Basi mwambie wewe, tena leo. Gudrun nampenda, lakini mdomo wake hauna breki." Akamsukuma begani. "Nenda, mwenzio anangoja."

Svantje alikuwa ameegemea mashine, macho mekundu. Henrike akampa kadi kwanza.

"Chukua. Usije ukasema nimekuzuia kwa sanduku. Nimemwambia shangazi, na Gudrun kasikia."

"Umeniambia mengi, Henrike. Mimi nimechoka na midomo."

Henrike akaushika mkono wake katikati ya ukumbi, abiria wakiwapita huku na huku. Svantje hakuutoa, wala hakuukaza.

"Umelowa jasho."

"Naogopa."

"Ogopa tu. Lakini usiniachie."

Mara simu ikalia katika mfuko wa kulia wa Henrike. Ilikuwa mama yake. Gudrun hakungoja hata bia ya pili. Mkono wa kulia ndio uliokuwa umemshika Svantje. Svantje akaisikia ile simu, akaanza kulegeza vidole mwenyewe, kwa mazoea.

Henrike akavibana. Akapinda kiuno, akapeleka mkono wa kushoto mfuko wa kulia, akahangaika, simu ikanusurika kuanguka, mpaka akaifikisha sikioni.

"Mama? Ndiyo, niko Köln," akasema. "Sipo peke yangu."