Pacha Aliyechomolewa

Selvedina alishuka ngazi akiwa bado anatabasamu, maana ametoka kuongea na mumewe dakika arobaini nzima bila picha kukatika hata mara moja. Akamkuta mama mkwe wake, Hasnija, anapiga pasi mashuka sebuleni. Kando ya pasi, juu ya meza, pacha wa chini alikuwa amelala, meno yake mawili yameelekea dari.

"Mama, hii umeichomoa sasa hivi?"

"Sasa hivi wapi! Tangu adhuhuri. Ukiacha ya rauta, soketi nzima humu ni moja tu, na mimi nina mashuka kumi. Kwani ulikuwa unaitaka?"

"Hapana, mama," Selvedina akajibu, na tabasamu likamkauka mdomoni.

Mapacha ndilo jina walilozipa zile adapta zao mbili za mtandao. Nyumba yao pale Stolac ni ya mawe, kuta nene ajabu, na mtandao wa hewani ulikuwa ukifia ngazi ya tatu. Rifet, mumewe, kabla hajarudi kwenye kazi ya kuezeka mapaa huko Maribor, nchi ya watu, mwezi wa Januari, alitaka kutoboa ukuta wa ghorofani apitishe waya. Mama yake akaja juu! Nyuma ya ukuta ule kuna chumba ambacho mlango wake ulizibwa na shehe enzi za babu, hirizi ikafukiwa kizingitini. Mle ndani kuna kitu, na kitu chenyewe hakitajwi.

"Basi sitoboi hata tundu la sindano," Rifet akacheka. Akanunua mapacha: mmoja unamchomeka chini karibu na rauta, mwenzake juu chumbani, na mtandao unapita ndani ya nyaya za umeme zilizokuwa ukutani tangu zamani. Wote wakamsifu kwa akili. Hakuna aliyekumbuka kwamba nyaya zile zilipita pia kwenye chumba kilichozibwa.

Tangu hapo, kila siku saa kumi za jioni, Selvedina alipanda na dele la kahawa, akaiegemeza tableti kwenye mto, na mtu na mumewe wakanywa pamoja, yeye Stolac, yule Maribor. Miaka kumi na mmoja ameolewa, na miaka yote hiyo analala kwa mama mkwe. Alitaka jambo moja tu: kuishi na mume wake chini ya paa moja kabla nywele hazijawa nyeupe. Na Rifet wa kwenye kioo alikuwa akimwambia kila siku, "Karatasi zako za kuishi huku ziko kwa mkubwa, mpenzi. Bado wiki mbili."

Kesho yake Selvedina alimchungulia mumewe kama anayechungulia mwizi. Rifet aliinua finjani, akaishusha. Akainua, akaishusha. Kahawa haikupungua. Kipande cha sukari alichokichovya kilitoka kikavu, cheupe pepe. Ukutani, kwenye soketi, ikaanza harufu ya nywele zilizoungua.

"Ngoja nilete maji," Selvedina akasema. Akashuka mbio, akamchomoa pacha wa chini kwa mkono wake mwenyewe, akarudi juu. Rifet alikuwa bado anamtazama. Na kwenye pacha wa juu, ile taa ndogo inayowaka tu pacha akimwona mwenzake, ilikuwa kijani kibichi.

"Rifet," alinong'ona, "sema bismillahi kabla hujanywa. Wewe hujawahi kusahau."

"Sema wewe, mpenzi. Mimi nasikiliza."

Na hapo ndipo alipogundua kwamba sauti haitoki kwenye tableti bali inatoka ukutani, chini, kwenye yale matundu ya soketi, sauti ya Rifet kabisa, na nyuma yake mvumo mzito kama wa nyuki, na nyuma ya mvumo, upande wa pili wa ukuta, mle ambamo hajaingia mtu tangu babu azikwe, kitu kilikuwa kinakwaruza chokaa taratibu, kikiufuata waya, kikimsogelea, na uso wa mumewe kwenye kioo ukizidi kutabasamu bila kupepesa macho hata mara moja. Selvedina alipiga yowe, na Hasnija huko chini, aliyekwisha kuchomeka pasi kwenye soketi iliyoachwa wazi, akaunguza shuka.

Asubuhi akaitwa Bi Zilha, anayeondoa hofu kwa risasi ya kuyeyushwa. Alimfunika Selvedina shuka kichwani, akayeyusha kipande cha risasi kwenye upawa, akakimimina ndani ya bakuli la maji juu ya kichwa chake. Maji yakalia *chwaaa*. Mara ya tatu Bi Zilha akakitoa kile kilichoganda, akakigeuzageuza. Kilikuwa kama watu wawili walioshikana mgongo kwa mgongo.

"Si wewe peke yako unayezungumza na jini hili," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna mwingine, wa damu ya nyumba hii. Analijua na amenyamaza."

"Wallahi si mimi!" Hasnija akaruka. "Mimi hata hiyo tableti yenyewe inanishinda!"

"Kikulacho ki nguoni mwako," Bi Zilha akasema. "Wachomoeni wote wawili. Watupeni kwenye maji yanayokwenda."

Wakawatupa mtoni Bregava, toka juu ya daraja. Mapacha wakazama, na Selvedina akahisi kifua kimefunguka. Wazee wakatangulia nyumbani. Yeye akabaki pale pale darajani, akampigia mumewe simu ya kawaida, ampe habari.

"Umewatupa?" Rifet akasema. "Wote wawili?"

"Rifet, lilikuwa jini! Limevaa uso wako!"

"Najua. Kwangu lilivaa wako."

Selvedina akashika ukingo wa daraja.

"Ile siku ulipokwenda Mostar kung'oa jino," Rifet akaendelea, "niliongea na wewe saa mbili nzima. Halafu mama akaniandikia kwamba hujarudi tangu alfajiri. Nikajua."

"Ukanyamaza?"

"Yule hanuni, Selvedina. Haniulizi narudi lini. Anacheka. Mtu umeshinda juu ya paa, unataka nini tena?"

"Na mimi je? Ulidhani miezi yote hii mimi naongea na nani?"

"Sikuwaza."

Sikuwaza! Hivi hivi tu, kama aliyesahau kununua mkate.

"Na karatasi zangu, Rifet? Wiki mbili?"

"Karatasi gani?" Rifet akauliza, na mshangao wake ulikuwa wa kweli.

Selvedina akakata simu. Jini lilikuwa limemdanganya, sawa. Lakini mume hakujisumbua hata kumdanganya. Moyo ulimuuma, akalia pale darajani mpaka wapita njia wakamwona.

Saa kumi ilipofika, mikono yake ilichemsha kahawa bila kumuuliza. Akapanda na dele na finjani zake mbili, akakaa. Tableti ilikuwa nyeusi. Soketi ilikuwa tupu, matundu mawili tu. Akaanza kusikia harufu ya nywele zilizoungua.

"Selvedina," sauti ikasema ukutani, kwa upole ambao Rifet hajawahi kuwa nao. "Karatasi zimetoka, mpenzi. Njoo."

Huko kwenye ushoroba, kwenye mlango uliozibwa, chokaa ikaanza kudondoka, punje kwa punje.

"Selvedina!" Hasnija akaita kutoka chini, sauti inamtetemeka. "Unaongea na nani huko?"

"Na mume wangu, mama," akajibu, akamimina finjani ya pili.