Begi Alilopewa Talalelei

Kila alasiri baada ya shule Talalelei alimenya majimbi ya chakula cha jioni, kisha akaketi mlangoni na simu ya mama yake kuandika blogu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kijijini kwao, kisiwani Savaii, akina mama hawakununua kitu cha shule kabla ya kusoma alichoandika. Viatu gani havibanduki soli, kalamu gani haivuji wino, vyote alikuwa amevijaribu mwenyewe. Mama yake alijivunia jambo hilo mpaka sokoni.

Wiki moja kabla ya muhula kufunguliwa, Bwana Poasa mwenye duka alimpa begi jipya jekundu, bure, akamwomba aliandikie maneno mazuri. Talalelei hakuona ubaya. Kwao ukipewa kitu unashukuru mbele za watu, la sivyo unaonekana huna adabu. Siku hiyohiyo aliandika kwamba hajawahi kuona begi imara kama lile. Kwamba alipewa, hakuandika. Wala hakuwa amelibeba hata siku moja.

Shule ilipofunguliwa, wanafunzi tisa walikuja na mabegi mekundu. Siku ya nne mkanda wa begi la rafiki yake Mele ulikatika njiani, vitabu vikaanguka matopeni. Mele aliviokota, kisha akamtazama Talalelei.

"Shoga, lako ulilinunua wapi?"

"Nilipewa," Talalelei alisema kwa sauti ndogo.

"Kumbe tulikuwa tunasoma tangazo la Poasa. Basi yaandikie na haya matope, useme ni matamu."

Wenzao walicheka. Tangu hapo, kila alichoandika kiliulizwa swali moja: na hicho umepewa na nani? Hata viatu alivyovisifu kwa haki havikuaminiwa. Talalelei alisali kila jioni, akimwomba Mungu amrudishie wasomaji wake, lakini hakujua aanzie wapi.

Jumamosi kijiji kilimkaribisha mchungaji mpya. Mjomba Leota, msemaji wa ukoo wao, alisimama uwanjani akipaza sauti kila zawadi ilipoletwa: nguruwe mmoja na familia iliyomtoa, mkeka laini wa heshima na mama aliyeusuka, hata boksi la samaki wa kopo na aliyelileta. Alipopumzika, Talalelei alimpelekea shelisheli, akamwuliza kwa nini hata kopo litangazwe.

"Ili wote tujue mchungaji amepokea nini, na kwa nani," mjomba alisema. "Kesho akimsifu mtu, tutajua alishakula nguruwe wake. Kila mtu atapima mwenyewe."

"Na akishukuru bila kutaja?"

"Hiyo si shukrani, binti yangu. Huko ni kuficha."

Talalelei akamweleza yote. Mjomba hakumkemea. Alimwambia tu kwamba begi lile bado halijatangazwa.

Alasiri hiyo aliandika: "Begi jekundu nilipewa bure na duka la Bwana Poasa. Nililisifu kabla sijalibeba. Mkanda wake unakatika. Nisameheni. Kuanzia leo, nikipewa kitu nitasema kwenye mstari wa kwanza." Kisha akalirudisha begi dukani mwenyewe. Bwana Poasa alinuna siku mbili. Wazazi walionunua mabegi walipomjia, akaishona upya mikanda yote kwa uzi wa kuvulia samaki.

Mwezi uliofuata alimpa Talalelei mwavuli, safari hii bila kumwomba sifa. Talalelei aliutumia siku kumi za mvua ndipo akauandika. Jioni, mama yake Mele alifika kwao na simu mkononi.

"Nimesoma kwamba umepewa," alisema. "Haya, niambie ubaya wake."

"Hauvuji, mama, lakini mpini unateleza."

"Nitaufunga kitambaa. Kesho naununua."

Mjomba Leota, aliyekuwa akisikiliza barazani, alimwita Talalelei karibu, mama yake akiwa pale anatabasamu.

"Kupokea zawadi si kosa," alisema. "Kosa ni kumwacha anayekuamini asijue umepokea. Umekosea, umesema mbele ya watu wote, na leo wamekuja wenyewe kukuuliza. Wakubwa wengi ninaowajua wameshindwa hilo. Ukoo huu unakuonea fahari."